Kidole cha Nimpaye

Kidole kilisimama, wala hakikutetemeka.

Mliokuwa nasi juma lililopita mnajua tulipowaacha. Kiwanja cha mkutano cha Nyakahura kimefurika. Sungusungu wamezunguka na pinde na marungu. Katikati amesimamishwa mwanamke mkimbizi, Nimpaye, amwonyeshe mtu anayewauza wasafiri kwa majambazi wa porini. Kama ulidhani atamwonyesha mpita njia fulani asiye na kwao, ulikosea kama wengi walivyokosea pale kiwanjani.

Alimwonyesha Fideli Nyandwi.

Fideli, katekista! Fideli, aliyempa Nimpaye kibanda nyuma ya migomba yake alipotoroka kambi ya Lukole kuja kutafuta vibarua vya kulima. Fideli yuleyule aliyemvuta kutoka chini ya lori siku risasi zilipolia njiani kwenda Lusahunga, siku dereva alipouawa akiwa ameshika usukani.

"Huyu?" aliuliza mwenyekiti wa kijiji, mzee Pancras. "Mama, tazama vizuri. Huyu ni katekista wetu."

"Ni huyu," alisema Nimpaye.

Uwanja ukalipuka. Leonsia, mjane wa dereva, alivua kandambili akamrushia Fideli usoni. Mwingine aliokota jiwe. Mwingine akaliona lile jiwe, naye akaokota lake.

"Tulieni!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Gaudence, kamanda wa sungusungu. Alipita katikati ya watu na filimbi yake shingoni, gobore begani, akasimama mbele ya Fideli. Hapakuwa na mtu Nyakahura asiyejua urafiki wa hawa wawili. Walichunga ng'ombe pamoja utotoni. Gaudence ndiye aliyemsimamia Fideli siku ya ndoa, na ndiye baba wa ubatizo wa binti yake, Melania.

"Huyu ni ndugu yangu," alisema Gaudence. "Hatumuui mtu kwa kidole. Niacheni nimuulize mimi."

Fideli akashusha pumzi. Ndugu yake alikuwa amefika.

"Fideli, siku ile porini, ni kweli uliteremka kwenye lori ukawafuata wenye bunduki?"

"Ni kweli."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Ukaongea nao?"

"Niliongea nao."

"Kwa lugha gani?"

Fideli alimtazama rafiki yake. Swali lile halikuwa na sababu ya kuulizwa.

"Kirundi," alijibu. "Walikuwa wanaongea Kirundi. Niliwaambia wanichukue mimi, wawaache kina mama wakimbie."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Wengine wakamfuata.

"Nao wakakubali?" aliuliza Gaudence, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kama ya padre kwenye mazishi. "Majambazi wenye bunduki, wakakubali hivihivi?"

"Walinipiga mpaka wakadhani nimekufa. Wewe ndiye uliyenikuta mtaroni, Gaudence. Wewe ndiye uliyenibeba."

"Nilikubeba, ndiyo. Nilibeba mtu niliyemdhani ndugu."

"Dereva amekufa!" Leonsia alipiga kelele. "Mume wangu amekufa, yeye hakufa! Walimpiga ili kutudanganya!"

"Mrundi!" sauti ikatoka mahali fulani. "Ni Mrundi huyu!"

Neno lile lilimuumiza Fideli kuliko kandambili. Aliletwa Nyakahura mgongoni kwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, hajaota meno. Alisoma hapa, alilima hapa, alioa Msubi wa hapa, aliwazika wazee wa hapa na kuwafundisha watoto wao sala. Na baadhi ya waliokuwa wanapiga kelele sasa, aliwatoa lori lilipokuwa linatobolewa matundu. Wote walijua aliwaokoa. Lakini ni rahisi kuchukia kuliko kushukuru, hasa mkiwa wengi.

Akamgeukia Nimpaye.

"Mama Iradukunda, ni mimi kweli?"

Nimpaye alimsogelea. Watu walidhani anakwenda kumtemea mate, wakashangilia. Aliinama karibu na sikio lake, na katikati ya kelele zile akamnong'oneza kwa Kirundi maneno machache ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Bafise umwana wanje. Mbabarira."

Wanaye mtoto wangu. Nisamehe.

Kisha akatema mate chini, akarudi nyuma.

Fideli alimtafuta Iradukunda kwa macho. Msichana yule mdogo hakuwa mtu wa kuachana na sketi ya mama yake. Akienda kisimani, yupo. Akilima, yupo, anachezea majani ya maharage pembeni. Leo hakuwapo.

Msomaji, hapa ndipo mtu anapopimwa, na hapewi muda wa kufikiri. Fideli angeweza kupaza sauti: huyu mama ametishwa, mtoto wake ametekwa! Lakini aliyemteka mtoto alikuwa na masikio katika umati ule, au alikuwa umati wenyewe. Neno likitoka, mtoto hatarudi. Na akikana, Nimpaye atabanwa maswali, ataanguka, na mtoto hatarudi vilevile.

"Ni mimi," alisema Fideli.

Hata Gaudence alishtuka.

"Umesema nini?"

"Nimesema ni mimi. Mama amesema kweli. Mwacheni aende, msimuulize tena."

"Anadanganya!"

Mwanamke alikuwa anapasua umati kwa viwiko. Ni Consolatha, mke wa Fideli, khanga imemdondoka, uso umelowa jasho na machozi.

"Mume wangu anadanganya! Hajui hata kudanganya, mtazameni! Baba Melania, waambie! Waambie umelala mgonjwa tangu siku ile, waambie nakuosha vidonda mimi!"

Fideli hakumtazama. Kama angemtazama, kila kitu kingeharibika.

"Mpelekeni nyumbani," alisema.

Mawe yalikuwa yameshapanda juu mikononi. Gaudence alikuwa amerudi nyuma hatua chache, jinsi mtu anavyowapisha wengine mlangoni. Ndipo mzee Pancras alipopiga mkongojo chini.

"Mtu haguswi! Kijiji hiki kina serikali. Atafungiwa ghala la kahawa, polisi waitwe kutoka Biharamulo. Kamanda, utamlinda wewe mwenyewe."

Watu walinung'unika, lakini walitii. Wengi walimsifu mwenyekiti kwa busara zake. Hata Fideli, akiwa anasukumwa kuelekea ghalani, alimshukuru moyoni.

*

Ghala lilikuwa tupu, msimu wa kahawa bado. Fideli alikaa chini juu ya rundo la magunia matupu, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Bega lililopigwa porini lilikuwa linapwita.

Mlango ukafunguliwa. Consolatha aliingia na kikombe cha uji.

Alimnywesha kwanza. Alimfuta mdomo. Halafu akachuchumaa mbele yake, akamshika kidevu.

"Sasa tuko wawili. Niangalie useme."

"Nimeshasema."

"Umesemea watu. Sema kwangu."

Fideli alimjua mke wake. Akimwambia kweli, Consolatha hatangoja hata dakika. Atatoka na kilio kitakachosikika Bisibo, na mwenye mtoto atasikia pia.

"Ni mimi, Mama Melania."

"Uliwauza wale watu? Leonsia? Majirani zetu?"

"Ndiyo."

"Na mimi je? Siku ile mimi ndiye niliyetakiwa kupanda lori lile. Nilibaki kwa sababu Melania alikuwa na homa. Uliniuza na mimi?"

Hakuwa amelifikiria swali hilo. Lilimkata.

"Nijibu, Fideli!" Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Nenda nyumbani," alisema kwa sauti ya chini.

Consolatha alisimama. Alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta mtu aliyemjua katika uso ule uliovimba. Hakumpata.

"Nilikuwa tayari kuwa mjane wako," alisema. "Tangu siku ile nilijiandaa. Lakini mke wa jambazi siwezi. Namchukua mtoto, nakwenda kwetu Nemba."

Akatoka na kikombe chake.

Fideli alijipiga kichwa ukutani. Alikuwa amevumilia mateke ya majambazi bila kulia. Sasa alilia kama mtoto.

*

Aliyefuata kuingia alikuwa Gaudence. Alifunga mlango nyuma yake, akaegemeza gobore ukutani, akakaa juu ya magunia kama walivyokuwa wakikaa zamani malishoni, bega kwa bega.

"Nimewaambia vijana wakale," alisema. "Tuko peke yetu."

"Asante, ndugu yangu. Sikiliza. Kuna jambo..."

"Wewe ni mjinga sana, Fideli."

Fideli akageuka.

"Nilijua utakataa," aliendelea Gaudence, akiitazama mikono yake. "Nilijiandaa na mashahidi wengine. Nilijua utabisha mpaka jioni. Kumbe unasema 'ni mimi' mbele ya watu wote! Kwa sababu ya mtoto wa mkimbizi?"

Nje, mbuzi alilia. Fideli alimsikia mbuzi yule kwa uwazi wa ajabu, kama kwamba dunia nzima ilikuwa imenyamaza ili amsikie.

"Umejuaje habari za mtoto?"

Gaudence aligeuza macho kwenye gobore.

"Gaudence. Umejuaje?"

"Yuko kwangu."

"Kwako wapi?"

"Nyumbani kwangu, wapi pengine? Nani ataipekua nyumba ya kamanda? Amekula, amepewa maziwa. Mimi si mnyama."

Fideli alijaribu kusimama, maumivu ya bega yakamrudisha chini.

"Ulinibeba," alisema. "Ulinitoa mtaroni ukanibeba mgongoni. Ulikuwa unalia."

"Nilikuwa nalia kweli. Niliwaambia siku zote wasikuguse. Sikujua kama utapanda lori siku ile."

"Na dereva? Baba wa watoto wa Leonsia?"

"Usinihubirie!" Gaudence alipandisha sauti, kisha akaishusha upesi. "Unadhani nilianza kwa kupenda? Walinikuta malishoni mwaka juzi. Mara ya kwanza walitaka maziwa. Ningewanyima na bunduki ile? Mara ya pili walitaka ndama. Mara ya tatu wakauliza tu, gari gani linapita leo. Ni swali dogo. Ukishalijibu mara moja, umekwisha."

"Ungeniambia."

"Ungekwenda polisi."

"Ningekwenda nawe."

Gaudence alichomoa uzi wa gunia, akaukata.

"Kwa nini mimi?" aliuliza Fideli. "Kijiji hiki kina watu wengi. Kuna walevi, kuna wezi wa ndizi. Kwa nini ulinichagua mimi, rafiki yako?"

Gaudence aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya.

"Kwa sababu kwako wangeamini haraka."

"Wangeamini nini?"

"Kwamba ni wewe uliyewauza. Hata mimi nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Neno moja tu, Fideli. Neno moja, wakasahau kila kitu."

Basi ni hilo. Pigo la majambazi lilivunja mfupa, na mfupa huunga. Hili lilivunja mahali ambapo Fideli hakujua kama mtu ana kitu cha kuvunjika.

Alipoongea, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Unataka nini sasa? Umekuja kutaka kitu."

"Polisi wakija watakuhoji. Wewe hujui lolote, utajichanganya, watajua umedanganya. Wataanza kuuliza upya." Gaudence alilitazama gobore. "Mshitakiwa akitoroka, kamanda ana ruhusa ya kumpiga."

"Unataka nikimbie ili unipige."

"Sitaki. Ila sina njia."

"Mtoto kwanza," alisema Fideli.

"Nini?"

"Mrudishe mtoto kwa mama yake. Nimwone kwa macho yangu, kupitia dirisha lile. Nikimwona mgongoni kwa mama yake, nitatoka na wewe kwenda popote unapotaka. Usipomrudisha, nitakaa hapa hapa, na polisi wakija nitasema yote niliyoyasikia."

Gaudence alimtazama kama mtu anayetazama kisima kirefu.

"Unataka kuwa shujaa?"

"Nataka mtoto arudi kwa mama yake."

"Na akisema alikuwa kwangu?"

"Wewe umesema mwenyewe. Nani atamsikiliza mkimbizi asiye na kibali?"

Gaudence alifikiri. Akainuka, akatoka nje, akapuliza filimbi yake mara mbili kuelekea nyumbani kwake.

*

Dirisha la ghala lilikuwa dogo, lenye nondo. Fideli alisimama juu ya magunia akaegemeza paji la uso kwenye chuma.

Nimpaye alikuwa amekaa kando ya barabara na furushi lake, mtu asiyejua aende wapi. Kutoka upande wa nyumba ya kamanda akatokea Iradukunda, peke yake, anatembea polepole huku ananyonya kidole. Mama yake hakumwona mpaka mtoto alipomgusa goti.

Nimpaye hakupiga kelele. Alimshika yule mtoto akamnusa kichwani, shingoni, mikononi, kama ng'ombe anavyomnusa ndama wake. Kisha akamfunga mgongoni kwa khanga na kukaza fundo.

"Umeona?" aliuliza Gaudence kutoka mlangoni.

"Nimeona. Nifungue kamba."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, jua likiwa bado juu, wakaingia katika migomba ya kijiji. Fideli mbele, Gaudence nyuma.

*

Sasa turudi barabarani, maana huku nako hakukulala.

Lori la mahindi lilikuwa limesimama, linakwenda Ngara. Dereva alimwita Nimpaye: "Mama, unakwenda? Panda nyuma!"

Mguu mmoja wa Nimpaye ulikuwa tayari juu ya tairi. Mtoto mgongoni akasema kwa Kirundi, "Mama, nilikunywa maziwa."

"Wapi?"

"Kwa yule mwenye filimbi. Ana ndama mweusi."

Nimpaye aliganda vilevile, mguu juu ya tairi. Aliyemtisha kisimani asubuhi alikuwa amejifunika uso. Sasa alijua uso ule. Alijua pia kwamba Fideli amekabidhiwa mikononi mwa nani.

"Unapanda au hupandi?" dereva aliuliza.

Lukole ilikuwa na hema lake, dada yake na mgawo wa mahindi wa mwezi. Hapa alikuwa na nini? Kijiji ambacho, akisema alidanganya, kitamrarua.

Aliteremsha mguu.

Alikimbia mpaka sokoni, ambako wanaume walikuwa wanakunywa rubisi na kusimuliana jinsi walivyomshuku katekista siku nyingi.

"Nilisema uongo!" alilia. "Si Fideli! Walimchukua mtoto wangu! Ni kamanda! Mtoto alikuwa kwa kamanda!"

Waliangaliana. Mmoja alicheka.

"Asubuhi ni katekista, mchana ni kamanda. Jioni atasema ni mimi!"

"Mkimbizi huyu amechanganyikiwa. Mrudisheni kambini."

Nimpaye alipiga magoti katikati ya vibuyu vyao. Hakuna aliyeinuka. Aliyeinuka alikuwa mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi peke yake kituoni, na mtoto mwenye homa mapajani, akingoja gari la kwenda kwao Nemba.

Consolatha alimkabidhi Melania kwa muuza nyanya, akamjia Nimpaye, akamshika mabega kwa nguvu.

"Rudia."

"Walisema watamuua mtoto. Nilimwambia mume wako sikioni. Ndiyo maana alikubali. Dada, alikubali kwa ajili ya huyu."

Consolatha alimtazama Iradukunda, aliyekuwa analala mgongoni mwa mama yake. Akakumbuka uso uliovimba uliokataa kumtazama. Akakumbuka swali alilomuuliza, na kimya alichokipata.

Yowe alilopiga halikuwa na maneno. Lilipita juu ya soko, likapita kanisa, na kila mwanamke aliyelisikia akalipokea akalipeleka mbele. Yowe la namna hiyo mwanamume hawezi kuendelea kunywa akilisikia. Walikimbia ghalani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

*

"Tembea," alisema Gaudence. "Usigeuke."

"Nitageuka," alijibu Fideli, akageuka. "Nataka unitazame. Na Melania umtunze. Wewe ni baba yake wa ubatizo, hilo halikufutwa."

Mtutu wa gobore ulikuwa unacheza.

"Geuka, Fideli. Nakuomba."

Ndipo yowe lilipofika. Gaudence akashtuka, na gobore likalia.

Fideli alianguka chali kati ya migomba miwili, paja limechanika. Moshi ulipotawanyika, Gaudence alikuwa bado amesimama palepale, na baruti nyingine mfukoni, ila hakuigusa. Alikaa chini. Alikuwa hajakimbia watu walipotokea.

"Ni kweli!" mtu alipiga kelele. "Kumbe ni yeye!"

Consolatha alimwangukia mume wake, akamfunga paja kwa khanga yake, huku anamlaani na kumbusu kwa pumzi moja. Leonsia alikuja, akasimama juu ya Gaudence. Mawe yakaokotwa tena, na mikono ileile ya asubuhi.

Wa mbele kabisa alikuwa mzee Pancras. Mkongojo alikuwa ameuacha njiani. Mkononi alikuwa na panga.

"Huyu hasubiriwi!" alihema. "Mnangoja nini? Msaliti wa kijiji anahojiwa? Maliza! Maliza hapa hapa!"

Alipoinua panga, kitu kilijiburuta juu ya majani makavu. Fideli, damu ikimtoka, alijichomoa mikononi mwa mke wake, akajitupa juu ya Gaudence na kumfunika kwa mwili wake.

"Baba Melania, toka!" Consolatha alilia. "Amekuua huyo!"

"Toka, katekista," walisema watu, na sasa sauti zao zilikuwa za adabu. "Tusamehe. Tumejua kweli. Tuachie huyu."

"Asubuhi mlijua kweli pia," alisema Fideli, meno yamekazana. "Mlikuwa na kidole kimoja, mkatosheka. Sasa mmepata kingine. Mkimuua huyu, majambazi bado wako porini, na kesho kutwa ni gulio. Apelekwe mahakamani. Aseme yote. Anayetaka kumgusa aanze na mimi."

Jiwe moja likaanguka chini. Likafuata jingine. Leonsia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuachia lake.

Panga la Pancras lilibaki juu.

"Mwondoeni," alisema mwenyekiti kwa sauti nyembamba ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Mvuteni pembeni. Upesi, kabla polisi hawajafika."

Chini ya kifua cha Fideli, Gaudence aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na damu ya rafiki yake. Alimwangalia mwenyekiti, akaangalia lile panga, na wote walimsikia aliposema:

"Fideli, majambazi waliniambia habari za magari nimpelekee mtu mmoja, na mtu huyo ndiye huyu anayetaka nife upesi."

Vichwa vyote viligeuka. Pancras hakukanusha. Alipiga hatua mbele, macho yake yako juu ya koo la Gaudence, na kati ya panga lake na koo lile palikuwa na mgongo wa Fideli peke yake.